Mtumishi Asiyesahau Saa

Katika shule nyingi za bweni yuko mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake ni kupiga kengele. Huamka kabla ya wenziwe, hutazama saa, kisha hugonga kipande cha reli kilichotundikwa mtini, na papo hapo shule nzima huanza kwenda: wa kuoga huoga, wa kufagia hufagia, wa kusoma husoma. Kijana huyo hafundishi somo lolote, hapiki uji, wala hafagii mabweni peke yake. Walakini siku akipitiwa na usingizi, uji hupoa, vipindi huchelewa, na mwalimu wa zamu huanza kuuliza maswali. Akifanya kazi yake vizuri hakuna amkumbukaye. Hukumbukwa siku aliyokosa.

Ndani ya kompyuta nyingi za ulimwengu yumo mpiga kengele wa namna hiyo. Jina lake ni Cron, nalo limetokana na neno la Kiyunani chronos, maana yake wakati. Si mtu, wala si chombo ambacho mtu aweza kukishika mkononi. Ni programu, yaani mfuatano wa amri ambazo kompyuta huzitii. Kazi yake ni moja tu, kuangalia saa na kuziamsha programu nyingine zifanye kazi zao kwa wakati uliopangwa. Kwa amri yake nakala za akiba hufanywa usiku, mafaili yaliyokwisha kazi hufagiliwa, hesabu za siku hujumlishwa, na barua za ukumbusho hupelekwa kwa watu waliolala. Insha hii yataka kueleza jinsi mtumishi huyo alivyozaliwa na alivyokua, na tena historia yake yatufundisha nini sisi tunaomwachia dhamana zetu.

Yafaa tuanze na wakati ambapo hakuwapo. Katika miaka ya 1950 kompyuta ilikuwa mashine kubwa iliyojaza chumba kizima, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Aliyetaka kufanyiwa hesabu aliandika amri zake juu ya kadi zilizotobolewa matundu, akazifunga fungu moja, akampelekea mwendeshaji wa mashine. Mwendeshaji alizipanga kazi za watu kwa zamu, akaziingiza moja baada ya nyingine, na mwenye kazi akarudi baadaye, pengine kesho yake, kuchukua majibu. Ikiwa kazi fulani ilitakiwa kufanywa kila Ijumaa, hapana budi mtu aikumbuke kila Ijumaa na kuileta tena. Mashine ilikuwa na uwezo wa kuhesabu haraka kupita binadamu yeyote, lakini ratiba ilikaa kichwani mwa binadamu, au katika karatasi iliyobandikwa ukutani.

Mabadiliko yalianza watu walipochoka kungoja. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, mtaalamu John McCarthy alitoa shauri mwaka 1959 kwamba kompyuta moja yaweza kuwahudumia watu wengi kwa pamoja, ikimpa kila mmoja kipande kidogo cha wakati wake, kwa wepesi ambao kila mtu atadhani mashine ni yake peke yake. Mwezi wa Novemba mwaka 1961 Fernando Corbató na wenziwe wa chuo hicho wakaonyesha mfumo wa aina hiyo ukifanya kazi. Tangu hapo mashine haikuwa tena ya mtu mmoja kwa zamu. Ilikuwa kama soko, watu waingia na kutoka, na shughuli nyingi zaendelea kwa wakati mmoja.

Soko lililo wazi mchana na usiku lahitaji wafagizi na walinzi. Kwa sababu hiyo, yapata mwaka 1963, watu wa Corbató walianza kutengeneza programu zilizokaa nyuma ya pazia, zikifanya kazi za nyumba bila ya kuamriwa na mtu kila mara. Waliziita kwa neno la Kiingereza ambalo kwa matamshi yetu twaweza kusema dimoni. Mtu asishtuke akadhani kwamba mambo haya yana uchawi. Neno hilo walilipata katika fizikia, kwa kiumbe wa kubuniwa ambaye mtaalamu wa Scotland, James Clerk Maxwell, alimfikiria mwaka 1867: kiumbe mdogo akaaye mlangoni, akizipitisha chembe za hewa zenye mbio upande huu na zile za pole upande ule, bila ya kuchoka. Corbató mwenyewe alieleza kwamba dimoni wao wa kwanza kazi yake ilikuwa kunakili mafaili ya watu katika utepe wa sumaku, ili yakipotea yapate kurudishwa. Wanafunzi na waliweke jambo hilo akilini, kwa maana tutalirudia: kazi ya kwanza ambayo watu waliikabidhi mikononi mwa mtumishi asiyeonekana ilikuwa kuweka nakala ya akiba.

Chuo hicho, pamoja na kampuni ya General Electric na maabara ya Bell, kilianza baadaye kutengeneza mfumo mkubwa zaidi ulioitwa Multics. Kazi ikawa ndefu na nzito, na mwaka 1969 maabara ya Bell ikajitoa. Wataalamu wake waliorudi Murray Hill, katika jimbo la New Jersey, walijikuta hawana mfumo ule waliouzoea. Mmoja wao, Ken Thompson, alipata mashine ndogo isiyotumiwa sana, iliyoitwa PDP-7, na juu yake akaanza kuandika mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta. Dennis Ritchie alishirikiana naye, na wengine wakaongezeka. Mfumo huo ndio Unix. Multics ulikusudiwa kufanya kila kitu. Unix ulijengwa juu ya shauri jingine, kwamba kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vyema, kisha programu ndogo ziunganishwe kufanya makubwa, kama vile fundi hujenga nyumba kwa matofali madogo wala si kwa jabali moja.

Mfumo wa Unix ulihitaji saa. Mashine haijui jua wala kivuli. Haijui jogoo wala adhana. Inajua kuhesabu tu. Basi watengenezaji wakakubaliana, baada ya kubadili shauri mara kadhaa katika miaka ya mwanzo, kwamba wakati uhesabiwe kwa sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari, mwaka 1970, kwa saa za kimataifa. Hata leo, ukiiuliza mashine ya namna hiyo ni saa ngapi, kwanza hutazama hesabu hiyo moja ndefu, kisha huigeuza iwe mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, ili wewe upate kuelewa. Haba na haba hujaza kibaba; sekunde moja moja zimekwisha kuwa zaidi ya bilioni moja na nusu.

Juu ya saa hiyo ndipo alipowekwa Cron. Katika toleo la saba la Unix, lililotolewa mwaka 1979, kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Mashine ilipowashwa, Cron naye aliamshwa. Akaangalia jedwali moja la kazi. Akapima: je, dakika hii kuna kazi iliyofika wakati wake? Ikiwapo, aliianzisha. Kisha akalala dakika moja, akaamka, akaangalia tena. Hivyo ndivyo alivyoishi, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, hata mashine ilipozimwa.

Jedwali lenyewe liliandikwa kwa mistari, na kila mstari ulikuwa na sehemu tano za wakati, na baada yake amri ya kufanywa. Sehemu ya kwanza ni dakika, tangu 0 hata 59. Ya pili ni saa, tangu 0 hata 23. Ya tatu ni tarehe ya mwezi, ya nne ni mwezi wa mwaka, na ya tano ni siku ya juma. Mahali ambapo mwandishi hajali wakati wowote huweka alama ya nyota. Kwa hiyo mstari unaoanza na 30 2 * * 1 maana yake ni hii: dakika ya 30, saa 2, tarehe yoyote, mwezi wowote, mradi siku iwe Jumatatu. Mpango huo wa sehemu tano haujabadilika. Mwanafunzi wa leo akiandika mstari huo katika mashine ya kisasa, ataeleweka vilevile kama aliyeuandika mwaka 1979. Katika kazi ya kompyuta, ambamo vitu vingi huzeeka kabla ya watoto kumaliza shule ya msingi, umri huo ni mkubwa sana.

Hapa sisi tunaosema Kiswahili hatuna budi kutulia kidogo. Saa zetu huanza kuhesabiwa alfajiri na magharibi. Saa za mashine huanza usiku wa manane. Saa moja yetu ya asubuhi kwake ni 7, na saa moja yetu ya usiku kwake ni 19. Saa nane ya usiku, ambayo ni wakati mzuri wa kufanya nakala za akiba kwa kuwa watu wamelala, kwake ni 2. Siku nazo zina mtego wake. Jumamosi kwa jina lake ni siku ya mosi, na Jumatatu ni siku ya tatu. Lakini kwa Cron Jumatatu ndiyo 1. Mwanafunzi mmoja wa ualimu, kijana mwenye bidii, alipewa kazi ya kupanga nakala za chumba cha kompyuta chuoni kwetu. Alifikiri kwa Kiswahili, kama ilivyo haki yake, akataka saa nane ya usiku, akaandika 8. Kesho yake saa mbili ya asubuhi, nilipokuwa katikati ya somo na wanafunzi wote wakitumia mashine, kompyuta zikaanza kujikokota kama punda aliyepakiwa mawe. Cron alikuwa ametii sawasawa kama alivyoamriwa. Hakuna kosa alilolifanya, na kwa sababu hiyo hakuna onyo alilolitoa.

Ziko hila nyingine ndogo za namna hiyo. Mashine nyingi huwekewa saa za kimataifa, na Kenya iko mbele ya saa hizo kwa saa tatu. Kwa hiyo 2 iliyoandikwa katika mashine kama hizo huku kwetu ni saa kumi na moja ya alfajiri. Tena mtu akitaja tarehe 13 na siku ya Ijumaa katika mstari mmoja, akitumaini kwamba kazi itafanywa siku ile tu ambayo tarehe 13 imeangukia Ijumaa, atashangaa. Cron wa kawaida atafanya kazi hiyo kila tarehe 13, na kila Ijumaa pia. Mwenye kuamuru hana budi kuijua lugha ya mwenye kutii.

Tuendelee na historia. Cron wa mwanzo alikuwa na jedwali moja tu kwa mashine nzima, na kwa kawaida ni msimamizi wa mashine aliyeliandika. Mpango huo ulifaa mahali penye watu wachache wanaoaminiana. Katika vyuo vikuu mambo yalikuwa mengine. Yapata mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitaka kila mtumiaji apate kupanga kazi zake mwenyewe. Lakini mashine yenye watumiaji mia ingekuwa na majedwali mia, na mtumishi anayeamka kila dakika kuyapitia yote angeila nguvu ya mashine bure, kama mlinzi anayewaamsha watu wote wa kijiji kila dakika kuwauliza kama kuna mwizi.

Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Robert Brown, aliupata ufumbuzi mahali ambapo wengi wasingetazama. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Franta na Maly, walikuwa wamechapisha makala juu ya programu za kuiga matukio, kama vile foleni za watu au mwendo wa magari. Katika uigaji wa namna hiyo matukio yajayo hupangwa katika orodha kwa kufuata wakati wake, na programu huliangalia lile la mbele tu. Brown akaona kwamba Cron naye ana matukio yajayo. Tofauti ni kwamba wakati wake ni wa kweli. Basi badala ya kuamka kila dakika na kuuliza, Cron mpya aliyapanga matukio yote kwa utaratibu, akalitazama la kwanza, akahesabu muda uliobaki, akalala hata muda huo utimie. Wazo dogo hilo liliondoa mzigo mkubwa. Twaona hapa jambo lifaalo kukumbukwa na kila mwanafunzi, kwamba akili ya kulitatua jambo moja aghalabu hukaa katika kitabu cha somo jingine.

Mawazo hayo yaliingia katika Unix iliyouzwa na kampuni ya AT&T kwa jina la System V, mwaka 1983, ambamo kila mtumiaji aliweza kuwa na jedwali lake, na msimamizi akawa na uwezo wa kusema nani aruhusiwe na nani azuiwe. Mwaka 1987 Paul Vixie, Mmarekani, akaandika Cron mwingine upya na kuutoa kwa watu wote bila malipo. Wakati huohuo ulikuwa unakaribia ambapo mfumo wenyewe utapatikana bure pia: mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianzisha Linux, mfumo uliofuata taratibu za Unix. Linux ukaenea, na Cron wa Vixie akaenea pamoja nao. Ndivyo mtumishi aliyezaliwa katika maabara ya kampuni kubwa alivyofika katika vyumba vya kompyuta vya vyuo na ofisi za Afrika Mashariki.

Huku kwetu alikutana na adui ambaye watengenezaji wake hawakumfikiria sana, nao ni umeme unaokatika. Cron hujua dakika iliyopo tu. Ikiwa kazi imepangwa saa nane ya usiku, na umeme ukazimika tangu saa saba hata saa kumi, kazi hiyo haifanywi, wala Cron akiamka halipi deni. Kwake wakati uliopita umekwenda zake. Kwa ajili ya mashine zisizowashwa saa zote ilitengenezwa programu nyingine iitwayo Anacron, ambayo haiulizi saa ngapi, bali huuliza siku ngapi zimepita tangu kazi ilipofanywa mara ya mwisho; zikizidi, huifanya. Baadaye, katika mfumo wa systemd ulioanza mwaka 2010 na kuingia katika aina nyingi za Linux, wapangaji wa wakati waliweza kuambiwa wakumbuke kazi zilizokosa nafasi na kuzifanya mashine iwakapo. Hata hivyo Cron hakuondolewa. Wengi hukaa naye, kwa kuwa mstari mmoja wenye sehemu tano unatosha mahitaji yao.

Sasa na tufikie habari ambayo kwayo nimeandika insha hii. Iko kampuni iitwayo GitLab, ambayo huwahifadhia waandishi wa programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari mwaka 2017 fundi mmoja wa kampuni hiyo alikuwa akihangaika kuzifanya mashine mbili zilizotunza kumbukumbu ziende sambamba. Moja ilikuwa mashine kuu, ya pili ilikuwa mfuasi wake. Saa zilikuwa zimekwenda, na kazi ilikuwa imekataa. Yapata saa tano na nusu ya usiku, kwa saa za kimataifa, akaamua kufuta kumbukumbu katika ile ya pili ili aanze upya. Akatoa amri. Baada ya sekunde moja au mbili akatambua kwamba yuko katika mashine kuu. Aliizuia amri mara moja, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia nne na nusu.

Kosa la namna hiyo laweza kumpata mtu yeyote aliyechoka, na ndiyo sababu kuna nakala za akiba. Wenziwe wakaenda kuzitafuta. Walikuwa na programu iliyopangwa kunakili kumbukumbu zote mara moja kila siku na kuzipeleka mahali pa mbali. Walipofungua mahali hapo, hapakuwa na kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani, na kumbukumbu zilikuwa za toleo jipya; kila ilipoamshwa ilikataa na kuacha. Cron alikuwa ameiamsha kwa wakati kama alivyoagizwa. Zaidi ya hayo, kulikuwa na mpango kwamba kazi ikishindwa barua pepe ipelekwe kwa mafundi kuwaarifu. Barua hizo ziliandikwa na kupelekwa, lakini hazikuwa na alama za uthibitisho zilizotakiwa, na mashine ya kupokea barua ikazikataa kama barua za walaghai. Mlinzi alikuwa akipiga kelele, na mlango ulikuwa umefungwa asisikike.

Kilichowaokoa ni nini? Saa sita hivi kabla ya mkasa huo, fundi mmoja alikuwa amechukua nakala kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Kutoka katika nakala hiyo waliurudisha mfumo, na huduma ikafunguliwa tena siku iliyofuata. Yale yaliyoandikwa katika saa hizo sita hayakurudi: kadiri ya miradi 5,000, maoni 5,000, na watumiaji wapya 700 walipotea katika kumbukumbu. Kampuni hiyo ilifanya jambo la kusifiwa. Haikuficha aibu yake. Iliandika mkasa wote hatua kwa hatua na kuutangaza, ili wengine wajifunze. Ndiyo maana sisi tulio mbali twaweza kuusoma leo.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, mwandishi wa daftari alikuwapo, na saa ya kuandika ilitimizwa kila siku. Kilichokosekana ni mtu wa kulifunua daftari na kutazama kama limeandikwa. Yule dimoni wa kwanza wa mwaka 1963 alipewa kazi ya kunakili mafaili, na baada ya miaka zaidi ya hamsini kazi ile ile ndiyo iliyoshindwa kimya. Si kwamba mashine zilikuwa zimerudi nyuma. Zilikuwa zimepata nguvu mara nyingi sana. Lakini Cron wa jana na wa leo ni sawa katika jambo moja: anajua kwamba saa imefika, hajui kwamba kazi imefaulu. Aliyempa kazi ndiye mwenye kujua kwa nini ilitakiwa, na kwa hiyo ndiye pekee awezaye kuona kwamba haikufanywa.

Kwa mtu anayetumia mtumishi wa namna hii, yako mazoea machache ambayo mafundi wenye busara huyashika. La kwanza, huamuru kila kazi iandike habari zake: ilianza lini, ilimaliza lini, na imeshindwa au imefaulu. La pili, huwa na shaka na ukimya. Kazi isiyosema neno kwa mwezi mzima yawezekana ni kwa kuwa mambo ni mema, na yawezekana ni kwa kuwa imekufa. Basi hupanga kwamba kazi iliyofaulu ndiyo itoe taarifa, na taarifa isipofika mtu aende akatazame. La tatu, tena lililo kubwa, hujaribu kurudisha. Nakala ya akiba ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu, kama mtumbwi uliokaa ufukweni miaka mitatu bila ya kuingizwa majini. Siku ya mafuriko si siku ya kuupima.

Nasi walimu yatuhusu. Siku hizi alama za wanafunzi, orodha za majina na hesabu za karo huwekwa katika kompyuta, na mwalimu mkuu huambiwa, usiwe na wasiwasi, nakala hufanywa zenyewe kila usiku. Neno hilo zenyewe ndilo la hatari. Hakuna kazi inayofanywa yenyewe. Yuko mtu aliyeipanga, na dhamana yake haikwisha siku ile alipoandika mstari ule. Pengine ndiyo iliyoanza. Akihama shule asipowaeleza waliobaki, Cron ataendelea kuamka na kulala, akitumikia amri ambayo hakuna tena aikumbukaye sababu yake.

Liko na jambo moja la mbele. Nimesema kwamba mashine huhesabu sekunde tangu mwaka 1970. Mashine nyingi za zamani ziliitengea hesabu hiyo nafasi ambayo haiwezi kupita 2,147,483,647. Hesabu hiyo itatimia Jumanne, tarehe 19 Januari mwaka 2038, dakika ya 14 baada ya saa tisa ya usiku kwa saa za kimataifa, wakati ambapo kwetu Kenya itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 za asubuhi. Mashine ambayo haijarekebishwa itadhani kwamba imerudi mwaka 1901, na kazi zilizopangwa kwa kufuata saa yake zitapotea njia. Kompyuta za kisasa zimekwisha kupewa nafasi kubwa zaidi. Zile ndogo zilizofichwa ndani ya mitambo na kusahauliwa ndizo za kutafutwa. Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mtakuwa watu wazima wenye kazi asubuhi hiyo, na pengine ndio mtakaoulizwa.

Na tumrudie yule kijana wa kengele. Tofauti yake na Cron ni kwamba yeye ana macho. Ikiwa amepiga kengele ya chakula na hakuna moshi jikoni, ataona, atakwenda kwa mpishi, atauliza kuna nini. Cron ataipiga kengele kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao, mbele ya jiko lililopoa. Tumshukuru kwa uaminifu wake, tumpe kazi za usiku ili sisi tupate kulala. Lakini kila asubuhi mmoja wetu na aende jikoni kutazama kama kuna moto.